Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: watoto wanadai kiwanja chao

KWA: Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu
Ndugu Afisa Mipango Miji

YAH: KIWANJA CHA WATOTO KUZUNGUSHIWA MABATI NA KUJENGWA FREMU

Ndugu Mkurugenzi, Mheshimiwa Diwani na wote mnaohusika,

Poleni na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa kazi nafundisha darasa la awali kwenye shule ndogo ya binafsi hapa hapa mtaani kwetu, Dar es Salaam. Jina la mtaa silitaji kwa sababu nataka tuongelee kiwanja na sio kumchafua mtu, na nyie mkisoma kidogo tu mtajua naongelea wapi. Naandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini tumeshaimaliza. Tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akasema hilo liko juu ya uwezo wake, twende kwa mtendaji wa kata, mtendaji akasema ni la mipango miji, mipango miji wakasema andikeni, tukaandika, wazazi tukasaini, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tangu hapo ukienda unaambiwa faili liko kwa bosi njoo wiki ijayo. Wakati faili liko kwa bosi mabati yamezungushwa, miembe miwili na mkungu vimekatwa, kokoto zimemwagwa na msingi wa fremu unachimbwa. Tukiendelea kusubiri kwa utaratibu huu, siku jibu likija litakuta maduka yameshapakwa rangi.

Hoja zetu naziweka kwa namba ili mkijibu mjibu moja moja.

1. Kiwanja hakikuwa kimekaa bure

Kwenye mkutano wa mtaa nilisikia kwa masikio yangu kikiitwa eneo lisiloendelezwa, na nadhani tatizo lilianzia hapo, yani mtu anapita na gari anaona vumbi, miti mitatu na watoto, anahesabu kwamba hapa hakuna kitu. Ngoja niwaambie kilikuwa kinafanyika nini pale. Shule yetu kama shule nyingi za awali hapa Dar ni nyumba ya kupanga, uwanja wake ni baraza na kipande cha pevingi ambacho ikifika saa tano huwezi kukikanyaga peku. Kwahiyo watoto wakishakunywa uji tulikuwa tunawashikanisha mikono tunavuka nao mpaka kwenye miembe, na pale nimefundisha vitu vingi kuliko nilivyofundisha ndani. Kuhesabu tulihesabia kungu zilizodondoka. Kizito na chepesi tulijifunza kwa jiwe na jani. Masika yakianza wanatoka majongoo, wanatoka kumbikumbi, wanatoka konokono, na mtoto wa miaka minne akiona jongoo linajikunja anauliza maswali ambayo kwa ile picha ya ukutani hajawahi kuuliza hata siku moja, linakula nini, mama yake yuko wapi, ukilikanyaga linasikia maumivu?

Nilikuwa na mtoto mmoja darasani alikuwa haongei kabisa, unamuuliza jina anaangalia chini, mpaka mama yake alishaanza kuulizia hospitali. Chini ya ule mwembe mkubwa alikuwa anaongea na wenzake vizuri tu, anapanga mawe, anatoa amri, wakirudi ndani ananyamaza. Tukaanza kumfundishia nje, hesabu nje, nyimbo nje, hadithi nje, na taratibu ile sauti ya nje ikaanza kusikika na ndani. Siwezi kuwaandikia kitabu cha kitaalamu kuhusu kilichotokea, ila nilikuwepo, nilikiona.

Jioni ndio wanakuja wakubwa. Wasichana rede na mdako, wavulana chandimu, na giza likikaribia wote kombolela mpaka adhana ya magharibi, hapo ndio unasikia akina mama wanaita majina kila kona. Wazee walikuwa na bao lao upande wa mkungu, na wale wazee ndio walikuwa walinzi wetu bila mshahara, mtoto akitaka kupigana kuna babu anamuita kwa jina lake na la baba yake. Hayo yote yalikuwa yanafanyika kwenye eneo mnaloliita halijaendelezwa.

2. Akili na utulivu wa mtoto

Hili limeshapimwa na watu ambao kazi yao ni kupima. Denmark mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya watu zaidi ya laki tisa, walitumia picha za setilaiti kuangalia kila mmoja alikulia sehemu yenye majani na miti kiasi gani tangu kuzaliwa mpaka miaka 10, halafu wakafuatilia ukubwani nani aliugua magonjwa ya akili na nani hakuugua. Waliokulia kwenye kijani kidogo kabisa hatari yao ya kuugua ilikuwa juu zaidi, kwa baadhi ya magonjwa mpaka asilimia 55, na hiyo ni baada ya kuzingatia kipato cha wazazi, kama mtu alikulia mjini au shamba, na kama kwenye familia kuna historia ya ugonjwa. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuapa kwamba mti ndio uliokinga, nalijua hilo, ila watu laki tisa ni wengi mno kusema ni bahati.

Barcelona, matokeo yaliyotoka mwaka 2015, watoto 2,593 wa miaka 7 mpaka 10 kutoka shule 36 walipimwa kumbukumbu na umakini kwa kurudiarudia ndani ya mwaka mmoja. Waliokuwa kwenye shule zenye kijani zaidi kumbukumbu yao ya kufanyia kazi, yani ile ya kushika jambo kichwani wakati unalifanyia kazi, ilikua haraka zaidi na kutokuwa makini kukapungua zaidi. Na Marekani mwaka 2009 walichukua watoto wenye ule ugonjwa wa kutotulia na kutoweza kukaza akili, wakawatembeza dakika 20 tu, siku moja kwenye bustani, siku nyingine katikati ya mji, siku nyingine mitaa ya makazi, na baada ya matembezi ya bustani walikuwa na umakini mzuri zaidi. Dakika 20! Mwalimu yeyote aliyewahi kukaa na watoto arobaini kwenye chumba kimoja anajua dakika 20 za namna hiyo zina thamani gani.

Maelezo wanayotoa wengi ni kwamba ubaoni mtoto analazimisha akili ikae sehemu moja na ile nguvu ya kulazimisha inaisha, ila kwenye miti macho yake yanashikwa na vitu bila kulazimishwa, jani linatikisika, chungu wamebeba kitu, ndege karuka, na hapo ile nguvu inarudi. Mimi nakubaliana nao kwa sababu ninachokiona tangu mabati yapande ni kinyume chake. Saa tano na nusu darasa langu linakuwa la kusukumana, kung'atana, kulia kwa sababu ya penseli. Wazazi wananiambia jioni mtoto hatulii, usiku halali mapema. Watoto ni wale wale, mwalimu ni yule yule, uji ni ule ule. Kilichotoka ni kiwanja.

3. Mwili wake

Naanza na macho kwa sababu hili watu wengi hawalijui. Mji wa Guangzhou, China, shule 12 zilihusika kwenye jaribio la miaka mitatu, nusu ya shule watoto wa darasa la kwanza waliongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 kila siku cha kuwa nje, basi, nje tu kwenye mwanga wa mchana. Mwisho wa miaka mitatu, kwa waliobaki na ratiba ya kawaida karibu watoto 40 kati ya 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, na kwa waliotolewa nje ni karibu 30. Kwahiyo tunaponyang'anya kiwanja halafu mtoto anabaki na simu sentimita ishirini kutoka usoni, miwani tutamnunulia sisi wazazi, na tunajua bei ya miwani.

Halafu kuna udongo. Tumeaminishwa kwamba mtoto msafi ni yule asiyegusa chini. Finland mwaka 2020 walitoa matokeo ya chekechea ambazo walitandika udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vilivyokuwa vikavu, watoto wa miaka 3 mpaka 5 wakachezea pale kwa siku 28, wakapimwa, na bakteria wa kawaida wa kwenye ngozi wakaongezeka aina na damu ikaonyesha kinga ya mwili inayojidhibiti vizuri zaidi. Mwezi mmoja tu wa kupanda, kuchimba na kushika majani. Sisi tulikuwa na udongo wetu wa bure, hatukuhitaji kuutandika.

Na kukimbia, hilo sina haja ya kulieleza sana. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 1 mpaka 4 anatakiwa kuwa kwenye mwendo angalau dakika 180 kwa siku, na wa miaka 5 mpaka 17 wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Naombeni mniambie mtaani kwetu dakika hizo zitatimizwa wapi.

4. Wameenda wapi sasa

Hii ndio hoja inayoniuma kuliko zote, na ndio iliyonifanya niandike.

Wavulana wamehamia barabarani. Magoli ni mawe mawili na kila bodaboda ikipita wanayatoa, ikishapita wanayarudisha, na bodaboda zinavyopita mnazijua. Ajali za barabarani ndio kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote duniani, hiyo ni takwimu ya Shirika la Afya Duniani na mmeshaisikia kwenye kila semina. Sitaki mtaa wetu uchangie.

Wasichana wameingia ndani. Hili nawaomba mlisome mara mbili. Rede inataka upana, inataka nafasi ya kukwepa mpira, barabarani haichezeki, na hakuna mama atakayemruhusu binti wa miaka kumi akacheze barabarani na wavulana saa kumi na mbili jioni. Kwahiyo kiwanja kikifungwa mvulana anapoteza sehemu nzuri ya kuchezea, ila msichana anapoteza kucheza kabisa. Anarudi kuosha vyombo na kubeba mdogo wake. Nimewauliza mabinti wa mtaani siku hizi mnacheza nini, wakanijibu tunaangalia tamthilia.

Wale wa kati, darasa la nne la tano, nyie nendeni tu jioni mkaangalie vibanda vya gemu, na pembeni ya vibanda vya gemu kuna zile mashine za kamari za kuingiza sarafu, mtoto anaanza kwa kuangalia anamaliza kwa kutafuta mia mbili. Wadogo wamepewa simu. Siwalaumu akina mama, mama anauza chakula tangu alfajiri, dada wa kazi ana kufua na kupika, geti linafungwa na katuni inawekwa, afanyeje mtu?

Na kuna watoto wawili watatu wenye ulemavu ambao pale kiwanjani walikuwa wanaletwa na kiti wanakaa kivulini na wenzao wanawasukuma. Siku hizi siwaoni kabisa.

5. Joto na maji

Hii fupi. Miti mitatu ilikuwa kivuli cha mtaa mzima mwezi wa pili, na udongo ule ulikuwa unakunywa maji ya mvua. Mkimwaga zege pale, masika yatakayokuja maji yatatafuta pa kwenda na yataenda kwenye nyumba za bondeni, na hao wa bondeni nao wana watoto. Sihitaji kuwakumbusha mafuriko ya Jangwani.

6. Sheria mnazijua kuliko mimi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 8 inapotaja haki ambazo mtoto lazima apewe na wanaomlea, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na kwenye orodha hiyo hiyo ipo haki ya kucheza na kupumzika. Haikuwekwa chini kama zawadi, iko pamoja na chakula. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1991, ibara ya 31 inasema hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 inampa kila mwananchi haki ya kufika na kutumia maeneo ya umma kwa burudani, elimu na afya. Na malengo ya maendeleo ya dunia ambayo mabango yake yako kwenye korido zenu, lengo la 11 linataka ifikapo 2030 kila mtu awe na maeneo ya kijani salama ya kufikika, na wamewataja watoto wazi wazi. Mimi ni mwalimu wa chekechea na nimeyasoma. Ofisi yenu ina mwanasheria.

Sasa najua mtajibu nini, kwa sababu mengine tumeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema manispaa inahitaji mapato ya ndani na fremu zinalipa kodi. Sawa, mapato tunayahitaji, barabara yetu ya vumbi tunaiona. Lakini mtaani kwetu kuna fremu kibao zimeandikwa inapangishwa na hakuna mpangaji, mmoja wenu atembee mguu kutoka kituo cha daladala mpaka msikitini azihesabu. Na hata zikijaa zote, kodi ya fremu itajenga nini kitakachochukua nafasi ya kile kiwanja? Mtanunua ardhi nyingine katikati ya mtaa uliojaa nyumba? Haipo. Fremu inajengeka popote penye barabara, kiwanja kikishaondoka kimeondoka.

Mtasema pale palikuwa na vibaka na wavuta bangi. Usiku ni kweli walikuwepo, hatufichi. Dawa ya hilo ni taa mbili na ulinzi shirikishi, na wazazi tulishasema tuko tayari kuchangia. Mbona vibaka wakikaa kituo cha daladala hatufungi kituo?

Mtasema watoto wana shule za kuchezea. Shule ya msingi ya serikali iliyo karibu ina uwanja, kweli, ila jioni na wikiendi geti linafungwa, na mchana uwanja wenyewe hauwatoshi wanafunzi walioko. Shule binafsi nyingi ziko kwenye nyumba za kupanga kama ya kwetu. Hapo naomba niongeze kitu ambacho wenye shule hawatakipenda, manispaa muache kupitisha usajili wa shule ya awali isiyo na hata mita chache za udongo na mti.

Mtasema mji una sehemu za kupumzika. Zipo. Kuna Coco Beach, kuna Mnazi Mmoja, kuna viwanja vya vijana vya JMK pale Kidongo Chekundu, kuna msitu wa Pugu. Vyote vizuri na tunashukuru vilivyobaki. Ila mama mwenye watoto watatu atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na maji, na chakula, atafanya hivyo Idi na Krismasi. Mtoto anahitaji kila siku, sehemu anayoweza kufika kwa miguu na kurudi akiitwa. Jiji hili sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 na kwa nchi nzima zaidi ya watu 4 katika kila 10 wana umri chini ya miaka 15, sasa mji wa watoto namna hii unawezaje kutegemea fukwe moja mbili?

Mtasema hizo tafiti ni za Wazungu. Guangzhou sio Ulaya. Na hata zile za Ulaya, mtoto wa Barcelona na mtoto wa Temeke wana macho yale yale na ngozi inayohitaji udongo ule ule, tofauti ni kwamba wa kwetu analala kwenye chumba kimoja na wenzake wanne, kwenye joto, kwa hiyo nje anaihitaji zaidi.

Mtasema mwekezaji ana karatasi. Basi tuonyesheni hizo karatasi. Ramani ya mipango miji ya mtaa huu iliyopitishwa inasema pale ni nini? Kama matumizi yamebadilishwa, tangazo lilibandikwa wapi, na wananchi walipewa muda gani kupinga? Muhtasari wa kikao uko wapi na waliosaini ni nani? Nimeuliza wajumbe wa mtaa, hawakumbuki kikao hicho. Simtuhumu mtu kwa rushwa, sina ushahidi na sitaandika nisilo na ushahidi. Nasema karatasi ya kugawa eneo la umma sio siri ya mtu, iwekeni mezani.

Na la mwisho mtasema ujenzi umeshaanza, mtu ameshaingia gharama. Hili ndio naomba mlifikirie kwa utulivu kwa sababu majirani zetu wameshalipitia. Nairobi mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, chama tawala kilikuwa nyuma ya mradi, na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua tu, ofisi hadi ofisi, akatukanwa hadharani, na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadae akasimama tena kwa ajili ya msitu wa Karura akapigwa mpaka akatoka damu kichwani, na leo Karura, hekta elfu moja hivi, wikiendi ukienda ni watoto na baiskeli kila njia. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta kiwanja chao kimezungushiwa ukuta, wakausukuma, wakapigwa mabomu ya machozi na sare zao za shule, dunia nzima ikaona. Ukuta uliondolewa na kiwanja kikarudi kwa watoto. Kwahiyo kurudisha kunawezekana, hata ukuta ukiwa umeshapanda. Na hapa nyumbani Zanzibar bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, katikati ya mji, pembeni ya bahari, sehemu ambayo mfanyabiashara yeyote angeililia, na jioni watoto wako pale wanaruka baharini mbele ya wazazi wao. Waliamua tu.

Nisingependa watoto wa mtaa wetu wafike walipofika wale wa Lang'ata. Ndio maana tunaandika sisi watu wazima.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Ujenzi usimame kuanzia sasa, kwa maandishi, mpaka suala lisikilizwe. Fundi anachimba hata Jumapili.

(b) Ramani iliyopitishwa na nyaraka zote za kubadilisha matumizi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, ambapo mtu yeyote anasoma bila kuomba ruhusa.

(c) Uitishwe mkutano wa hadhara, afisa mipango miji awepo mwenyewe na sio kutuma mwakilishi asiye na majibu, na uwe Jumamosi jioni ili akina mama wanaouza waweze kuja.

(d) Kama itaonekana eneo ni la umma, na sisi tunaamini ni la umma, mabati yatolewe, bikoni za mipaka ziwekwe, na eneo lisajiliwe kama kiwanja cha watoto ili mwenyekiti ajaye na mkurugenzi ajaye wasilikute likiwa halina mwenyewe. Miti mitatu iliyokatwa ilipwe kwa miche, wazazi tutapanda na tutamwagilia kwa zamu, orodha ya zamu tumeshaiandika. Tungependa miembe, mkungu, mzambarau na mkwaju, miti ambayo mtoto anakula matunda yake, msituletee ile ya mapambo ya kukata maumbo. Bembea sio lazima. Tukipata taa mbili na bomba moja tutashukuru sana.

(e) Afisa mipango miji atoe orodha ya maeneo mengine yote ya wazi yaliyobaki kwenye kata hii, kwa sababu nimeongea na walimu wa mitaa ya jirani na wao wana mabati yao.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likija tutalisoma kwenye mkutano wa wazazi, likiwa zuri au baya. Lisipokuja, wazazi tutaliwasilisha suala hili kwa Mkuu wa Wilaya na kwenye wizara ya ardhi, na tunatafuta msaada wa kisheria kuhusu zuio la mahakama, hilo nawaambia mapema ili lisije kuonekana tumewavizia. Ndugu Mkurugenzi, ukitaka kuja kuona mwenyewe kabla ya kujibu, njoo saa kumi na moja jioni siku yoyote ya kazi, utawakuta barabarani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mwalimu wa darasa la awali,
kwa niaba ya wazazi waliosaini barua ya kwanza

Nakala:
Afisa Elimu Awali na Msingi wa Manispaa
Afisa Ustawi wa Jamii wa kata
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa